Kanda Zisizo na Uzi

Mwezi wa pili umekwisha sasa tangu nilipoingia kwenye mkahawa mpya mjini Thika, mmoja wa ile yenye viti vya chuma na mimea ya plastiki, nikitaka tu kutumia intaneti yao. Nyuma ya kaunta, kando ya mashine ya kahawa, palikuwa na kasha jeusi pana kama sinia ya kukunjia chapati. Juu yake ilichapishwa picha ya gurudumu la kanda ya zamani, ile mikanda ya kahawia iliyozungushwa kama uzi kwenye kibiringo. Na kwenye gurudumu hilo palifungwa uzi mwekundu, fundo mara mbili, ncha zimekatwa sawasawa kama nywele za mtoto wa siku ya kwanza shuleni.

Fundo hilo nalijua. Lilifungwa na shosho yangu, bibi aliyenilea.

Nilimwomba kijana wa kaunta anipe hilo kasha nilitazame. "Pole pole tu," akaniambia. "Hizo ni za collectors. Ziko chache." Ndani mlikuwa na santuri sita, kijitabu kinene chenye picha za zamani, na bahasha ndogo iliyobeba kipande cha uzi mwekundu, kumbukumbu kwa kila mnunuzi. Kasha lenyewe liliitwa *Uzi Mwekundu*. Lilikuwa mkusanyo wa rekodi za bendi ya roki ya wafanyakazi wa kiwanda cha nguo cha Thika, zilizonaswa ukumbini, watu wakicheza, kwenye hoteli ya zamani kando ya maporomoko ya Chania, miaka ya sabini.

Nilikisoma kijitabu nimesimama mpaka kahawa yangu ikapoa. Mkusanyaji alieleza jinsi alivyozunguka miaka mingi akitafuta kanda hizo, nyingine akiziokoa kwenye majaa. Shosho hakutajwa popote. Sura nzima ilihusu maana ya uzi mwekundu. Wanabendi wenyewe, aliandika, waliufunga kama alama ya jasho na damu ya mfanyakazi, kwenye maonyesho yale tu waliyoyaona kuwa bora kuliko yote.

Hapo nilicheka kwa sauti, na mwanamke wa meza ya pili akainua macho. Mkusanyaji alikuwa mwalimu wangu wa muziki wa shule ya msingi. Ule uzi wa kwenye bahasha niliusugua kwa vidole. Ulikuwa nailoni. Shosho hakugusa nailoni maisha yake yote.

Acha nikupeleke Kimbo basi, Kimbo ya nilipokuwa na miaka tisa, ili uelewe nilichochekea.

Kama ulikulia pande za Ruiru unakumbuka kwamba ploti zilikuwa bado na mapengo kati yao. Nyuma ya kwetu kahawa ilianza mara moja, mistari na mistari hadi mtoni, na msimu wa kuchuma ukifika, harufu ya maganda yaliyochacha iliingia jikoni na kukaa ndani ya unga. Wazazi wangu walifanya kazi Nairobi na kurudi giza limeingia, kwa hiyo mimi nililelewa na Shosho, na Shosho alilea kwa ratiba. Jumamosi asubuhi ilikuwa ya kufua. Kisha kupiga deki, na sakafu ya saruji ikauka ikiwa na mawimbi ya kitambaa. Kisha kuchagua maharagwe kwenye uteo, na hapo ndipo nilipojifunza kwamba Shosho hakuwa na macho ya kawaida. Nilimaliza, nikampelekea, akapitisha kiganja juu ya uteo mara moja na kutoa mawe matatu niliyoyaacha.

"Hukutazama," angesema. "Ulikuwa unaangalia tu."

Alikuwa amefanya kazi ya ukaguzi wa vitambaa kiwandani Thika kwa miaka mingi. Jora zima lilipita mbele yake juu ya meza yenye taa chini, na yeye akatafuta kasoro: uzi uliokatika, nyuzi mbili zilizokaa mahali pa moja, doa la mafuta. Alipostaafu macho hayo hayakustaafu. Alikagua sketi zangu, alikagua hesabu zangu, alikagua hata sala ya baba kabla ya chakula.

Saa nane mchana kazi zilisimama. Shosho alifungua mlango wa mbele wazi kabisa, akakiweka kigingi chini ili upepo usiufunge, na kufunua tepurekoda iliyokuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma. Ilikuwa mashine nzito ya magurudumu mawili, ya kijivu, yenye taa ndogo ya kijani. Iliachwa na fundi mkuu wa mitambo ya kiwanda, Sikh mwenye kilemba cha samawati, ambaye zamani alikuwa akimwazima Shosho mashine hiyo kila Jumapili. Alipohamia ng'ambo na familia yake alimwachia moja kwa moja. Shosho alisema alipewa kwa sababu yeye ndiye mtu pekee kiwanda kizima aliyerudisha waya ukiwa umekunjwa vile alivyoupata.

Na tulisikiliza roki. Watu husema roki haikuwa yetu, kwamba sisi huku ni watu wa nyimbo za kanisani na za gitaa la nyumbani. Niliwahi kumsikia mhadhiri mmoja akisema hivyo mbele ya darasa zima, na nilimuuliza kama aliwahi kufika Thika. Bendi ile ilikuwa ya watu wa kiwandani: wawili wa mitambo ya kusokota, mmoja wa rangi, mmoja karani. Aliyepiga dramu alikuwa guka wangu, babu ambaye nilizaliwa akiwa ameshafariki. Jumapili alasiri vijana wa Thika walipanda kwenda bugi, dansi la roki, pale hotelini, na Shosho alikaa kando ya jukwaa na mashine ya kuazimwa, akirekodi. Hakurekodi kwa ajili ya kumbukumbu. Alirekodi ili akague. Jumatatu saa ya chai aliwaambia mmoja mmoja walikokosea.

Kwa hiyo Jumamosi, Kimbo, mlango ulipofunguliwa, gitaa lililokwaruza kama bati linaloburutwa lilitoka hadi barabarani. Majirani walikuja na kazi zao mikononi. Nje, chini ya dirisha, palikuwa na benchi refu, na mama wa mboga wa ploti ya pili alikalia mwisho wake akimenya njegere. Shosho aliwapa chai na viazi vitamu vilivyochemshwa na maganda. Hakuna aliyeongea wimbo ukiendelea. Wimbo ukiisha, mama wa mboga alisema jambo lile lile kila wiki: "Huyu mzee wako alikuwa anapigana na hiyo ngoma ama aliipenda?" Na Shosho alijibu lile lile: "Alikuwa anaikagua."

Kanda nyingi zilikaa kwenye maboksi ya kadibodi yasiyoandikwa kitu. Lakini chache zilikaa peke yake, ndani ya debe la biskuti, na hizo ndizo zilizokuwa na uzi mwekundu. Hazikupigwa ovyo. Zilitoka siku moja kwa mwaka, siku inayofuata Krismasi, nyumba ikijaa mashangazi na binamu. Na siku hiyo watu wazima walicheka mpaka wakashikana mabega. Sisi watoto hatukujua wanachocheka. Tulicheka kwa sababu wao walicheka.

Sasa unaelewa akili ya mtoto wa miaka tisa ilivyojenga. Kitu kinachowekwa debeni, kinachotolewa sikukuu, kinachowafurahisha watu namna hiyo, ni kitu bora. Tena shuleni kwetu, kwenye tamasha la muziki, mshindi wa kwanza alibandikwa utepe mwekundu kifuani. Aliyetubandika ni yeye mwalimu wa muziki.

Nilijigamba darasani kuhusu tepurekoda yetu. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza, na silikatai. Mwalimu alikuja Jumamosi iliyofuata kwa pikipiki, akakaa kwenye benchi na wengine, akala kiazi kitamu, na muziki ulipoanza akasahau kumeza. Baadaye alizungumza na Shosho kwa adabu nyingi. Alisema mashine ile inavuta kanda vibaya, kwamba siku moja itazitafuna, na yeye anamjua mtu wa kuitengeneza. Shosho alisema, "Nitafikiria, Mwalimu."

Jumanne yake ilikuwa likizo fupi. Shosho alikuwa amekwenda kliniki ya magoti, Thika. Mwalimu alifika, akasimama mlangoni na kunisalimia kama mtu mzima.

"Shosho ameniambia nichukue mashine. Na kanda chache za kuijaribu. Zile nzuri ni zipi?"

Nilimpa debe la biskuti. Alifungua mfuniko, akaona nyuzi nyekundu, na uso wake ukawa uso wa mtoto. Kisha akafungua maboksi mawili ya kadibodi, akageuza kanda huku na huku, hakuona alama wala maandishi. "Hizi ni tupu," alisema. Nilijua si tupu. Lakini mwalimu akisema kitu ni kitu, na mimi wakati huo nilikuwa bado sijaanza kuuliza maswali. Nilianza wiki hiyo. Alifunga mashine nyuma ya pikipiki kwa mpira wa tairi, akaniachia peremende.

Shosho aliporudi, kitu cha kwanza alichokiona ni pembe nne safi juu ya meza, mahali vumbi halikuwahi kufika. Nilimweleza. Aliuliza nimempa kanda zipi. Nilipomwambia zile zenye uzi mwekundu, aliketi chini na kucheka, akacheka vile anavyocheka siku ya pili ya Krismasi, akipiga paja.

"Kiwandani," aliniambia alipopata pumzi, "jora likiwa na kasoro, unafunga uzi mwekundu pindoni, pale pale palipoharibika. Jora safi huliwekei kitu. Mwalimu wako ametubebea takataka."

Kisha akageuza macho kwenye meza, kwenye zile pembe nne, na kicheko kikamwishia.

Kwa sababu kanda nzuri zote zilibaki. Kilichoondoka ni chombo pekee kilichoweza kuzifungua mdomo.

Kila Ijumaa baada ya hapo nilitumwa kuuliza. Nilisimama kwenye mlango wa chumba cha walimu, ambako kulinuka mandazi na chaki, na walimu wote wakageuka kunitazama. Yeye hakuinuka. "Mwambie Shosho wiki ijayo. Spea inatoka Nairobi." Ijumaa nyingine, spea inatoka Nairobi. Mwalimu wa hesabu akaanza kuninong'onezea nikipita, "Spea imefika?" na darasa likalichukua, na mimi nikaitwa Spea mpaka nikamaliza shule. Nilihesabu Ijumaa hizo kumi na moja. Ya kumi na mbili nilimkuta mwalimu mwingine kwenye kiti chake. Yule wetu alikuwa amehamishwa, na hakuna aliyejua wapi, au hakuna aliyetaka kujisumbua kumwambia mtoto.

Shosho alimwandikia mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu akajibu kwamba jambo hilo ni la watu binafsi.

Jumamosi bado alifungua mlango na kuweka kigingi. Nadhani mwili wake ulishazoea. Majirani walikuja wiki mbili tatu, wakanywa chai kimya, kisha mmoja mmoja wakapata shughuli nyingine. Mama wa mboga peke yake ndiye aliyebaki na njegere zake. Na Shosho alichukua kanda moja kutoka kadibodini, akavuta kipande cha kama pima mbili, akakipitisha kati ya kidole gumba na cha shahada, polepole, macho amefumba, hivyo hivyo alivyokagua kitambaa.

"Hapa," alisema. "Hapa ndipo Guka wako anapoingia." Na akakisugua.

Nilikuwa nimeanza kuwa mtoto wa kuuliza, kwa hiyo nilimuuliza vidole vinasikiaje. Akakisugua tena kipande kile. Alifanya hivyo kwa miaka, na kanda ni ile ile moja. Tuliuliza watu kama wana mashine ya aina hiyo. Tukaambiwa mambo hayo yamepitwa, nunueni redio ya CD. Alifariki nikiwa mwaka wa pili chuo kikuu, bila kumsikia mumewe tena. Hicho ndicho alichochukua mwalimu. Jina kwenye kijitabu ni jambo dogo ukilinganisha.

Nilisomea falsafa, na baba yangu bado anauliza hiyo ni kazi ya kufanyia wapi. Falsafa ilinifundisha kumtafutia mtu hoja yake bora kabla ya kuibomoa. Nimejaribu. Hoja ya mwalimu ni kwamba alihifadhi. Ni kweli, angeziacha debeni huenda kutu ingezila. Ni kweli kwamba watu wa mbali sasa wanazisikiliza. Nimesoma mhakiki mmoja mtandaoni akisifu ule wimbo unaokatika ghafla katikati na kuacha ukimya mrefu, akauita ujasiri wa kisanii. Umeme ulikuwa umepotea. Mwingine amesifu wimbo ambamo ubeti mmoja unarudiwa mara nne kama maombi. Mwimbaji alisahau ule wa pili. Na upande wa tatu, ambao kijitabu kinasema unaonyesha kilele cha mpiga dramu wao, aliyepiga si Guka. Guka alikuwa na malaria. Aliyepiga ni bawabu wa kiwanda, na mashangazi zangu walikuwa wakilia machozi kwa kicheko kila alipofika kwenye kiitikio akiwa amechelewa.

Hoja nimeisikia. Haikunitosha.

Nambari yake ilikuwa nyuma ya kijitabu. Nilimtumia ujumbe mmoja: *Mwalimu, yale maboksi ya kadibodi ya Kimbo hayakuwa matupu.* Alipiga simu kabla sijamaliza kulipia kahawa.

"Wewe ni yule msichana," alisema. Sauti yake ilikuwa imezeeka kuliko nilivyotaka. "Shosho hajambo?"

"Alishafariki."

"Oh. Pole sana, binti yangu." Akapumua mara mbili. "Na hizo kanda ziko na sauti?"

Pumzi mbili tu kati ya pole na kanda. Nilizihesabu.

Nilimwambia kuna njia moja ya kujua. Alete mashine, ailete yeye mwenyewe, Ijumaa saa nane mchana, nyumba ni ile ile.

Nyumba ni ile ile lakini hangeitambua bila mimi kusimama nje. Kahawa yote imeng'olewa, na mahali pake pana magorofa ya kupanga hadi mtoni, kamba za nguo zikining'inia kila kibaraza. Harufu ya msimu imekwisha. Sasa tunanusa vumbi la kokoto mwaka mzima. Alishuka kwenye gari akiwa na mvi na goti moja lisilokunjika. Mashine alikuwa ameibeba kifuani kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala. Mama wa mboga siku hizi haoni vizuri, lakini alikuwa mwisho wa benchi, mahali pake, na alimjua kwa kikohozi.

"Mwalimu," alimwita bila kuinua kichwa kwenye njegere. "Spea ilipatikana Nairobi?"

"Shikamoo, mama," alisema mwalimu.

"Marahaba. Nimekuuliza kitu."

Aliingia ndani. Akaiweka mashine juu ya meza, na sitasema uongo, ilikuwa safi. Alikuwa ameitunza. Alitoa pamba na chupa ndogo ya spiriti, akasafisha kile kichwa kinachosoma kanda, akanionyesha mahali pa kupaka mafuta. Alikuwa amekuja pia na spika mbili nzuri. Akaziunganisha.

Nilizichomoa. Nikachomeka hedifoni.

"Kaa kwenye benchi, Mwalimu," nilimwambia.

"Tusikilize pamoja."

"Kwenye benchi."

Mlango niliuacha wazi, nikaweka kigingi. Nilitaka aone. Nikapitisha kanda kwenye njia yake. Mikono yangu ilikumbuka yenyewe, ingawa ilikuwa mikono ya mtoto ilipojifunza. Ilikuwa kanda ile, ile iliyosuguliwa. Taa ya kijani ikawaka. Magurudumu yakaanza kuzunguka, na mwalimu, hatua nne kutoka kwangu, akanyoosha shingo kwa kitu asichoweza kusikia.

Kwanza mvumo. Vyombo vikigongana, maji ya maporomoko kwa mbali. Kisha sauti ya mwanamke kijana, karibu sana, ikimwambia mtu kwa Kikuyu aondoe kiti hapo. Shosho akiwa na umri mdogo kuliko wangu wa sasa, na ukali ni ule ule. Kisha vijiti vikagongana hewani, moja mbili tatu nne. Na pale pale dramu zilipoingia, sauti ilififia kidogo, kama mtu ameweka kidole juu yake. Ikafifia, ikarudi.

Nilirudisha nyuma. Nikasikiliza tena. Ilififia pale pale, pima mbili kutoka mwanzo, mahali alipokuwa akisugua kwa miaka. Mimi ambaye sikuamini. Mimi ambaye hadi leo ukiniuliza kama vidole vinasikia nitakuambia hapana, alikuwa anakadiria tu kutoka mwanzo wa kanda, jora ni jora. Lakini hakukosea hata unene wa kidole.

Sikujua nilikuwa nalia hadi mwalimu aliposimama.

"Ni wao?" aliuliza mlangoni. "Ni bendi yenyewe?"

Nilivua hedifoni. Nikatoka nje, nikamweleza maana ya uzi mwekundu. Sikupandisha sauti. Nilimweleza kuhusu meza yenye taa chini, na jora safi ambalo haliwekwi kitu. Nilimweleza kuhusu umeme, ubeti uliosahaulika, na bawabu. Mama wa mboga alisaidia: "Yule bawabu alipiga ngoma kama mtu anayeua panya."

Aliketi. Ilichukua muda.

"Zote?" alisema.

"Zote."

"Kasha zima."

"Kila upande."

Alitazama mikono yake. Kisha akasema kile nilichojua atasema, na alikisema vizuri, kama mtu aliyekaa nacho muda mrefu. Kwamba alikosea. Kwamba alikuwa kijana na aliogopa kurudi, na kila mwaka ulifanya kurudi kuwe kugumu zaidi. Kwamba hizi zilizobaki zitoke sasa, na jina la Shosho liwe mbele, kubwa, kabla ya la mtu yeyote. Aliomba asikie wimbo mmoja tu. Mmoja.

Sikuwa nimepanga jibu. Lilitoka lenyewe, lilikuwa limekaa kooni tangu nikiwa na miaka tisa.

"Wiki ijayo, Mwalimu. Spea inatoka Nairobi."

Mama wa mboga alicheka hadi njegere zikamwagika.

Nilidhani hatarudi. Ijumaa iliyofuata, saa nane kamili, alikuwa kwenye benchi, goti amelinyoosha. Nikafungua mlango, nikaweka kigingi, nikavaa hedifoni. Baadaye akauliza, nami nikamjibu vile vile, akashukuru, akaenda. Na iliyofuata pia. Siku hizi humsaidia mama wa mboga kumenya, na yeye humwita Spea. Nampa chai, kwa sababu kwenye benchi lile hakuna aliyewahi kunyimwa chai.

Najua unachotaka kuniuliza, maana mimi mwenyewe nimejiuliza. Shosho angefanya hivi? Shosho alifungua mlango ili barabara nzima isikie. Hakuwahi kumiliki hedifoni. Nadhani angenitazama vile alivyoutazama uteo wangu wa maharagwe. Kiwanda kimefungwa, mashine zake zimeuzwa kama vyuma chakavu. Wanabendi wote wamekwisha. Ile hoteli bado inasikia maporomoko lakini hakuna bugi. Kilichobaki cha Jumapili zile kimo ndani ya kadibodi, na mtu pekee anayejua namna ya kukitoa salama ameketi nje.

Kuna jambo jingine. Kila nikimaliza kusikiliza, nasafisha kichwa cha mashine kwa pamba na spiriti, kama alivyonionyesha. Pamba hutoka ya kahawia. Mara ya kwanza nilidhani ni uchafu. Mwalimu aliiona kutoka kwenye benchi, akaniambia taratibu kwamba hiyo ni kanda yenyewe inayokwanguka, kwamba zilizozeeka hazifai kupigwa mara nyingi, kwamba ni heri zinakiliwe mara moja, zote, haraka.

Nimeziweka hizo pamba. Ziko ndani ya bahasha, za kahawia hafifu, kila moja na Guka kidogo.

Ijumaa zangu zilikuwa kumi na moja. Zake zimefika saba.